Paka mkubwa mweusi aliyetikisa kijiji, na jeraha dogo lililosahaulika

Simu ya dada yangu iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ambao kwa kawaida huwa anawafunga watoto vifungo vya sare za shule. Hakunijulia hali.

"Wewe si ndiye unaandika mambo ya afya? Fungua WhatsApp uniambie huyu ni mnyama gani. Watoto wangu hawatoki hapa leo."

Picha ilikuwa imepigwa alfajiri, kwa simu, kutoka mbali. Ilionyesha shamba la viazi, ukungu, ua wa nguzo na waya, na mbele ya ua huo mnyama mweusi tii aliyesimama kiubavu. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Chui mweusi! Wazazi chungeni watoto." Kufikia wakati huo ilikuwa imezunguka katika vikundi vyote vya wazazi wa shule ile.

Dada yangu anaishi Kieni, Kaunti ya Nyeri, upande unaotazamana na msitu wa Aberdare. Katika siku nne, kuku sita walikuwa wamepotea katika maboma matatu. Akina baba walikuwa wakipokezana kuwasindikiza watoto shuleni na rungu na tochi. Wengine walianza kuzungumza juu ya kutega nyama yenye sumu. Hapo ndipo nilipopanda matatu kwenda Nyeri. Mnyama huenda asile nyama ile, lakini mbwa wa jirani ataila, na mtoto anayetambaa ataishika.

Chui mweusi yupo kweli

Jambo la kwanza nililomwambia dada yangu ni kwamba watu wa kijiji hawakuwa wanaota. Chui mweusi si hadithi. Katika Hifadhi ya Loisaba, Kaunti ya Laikipia, ambayo ni jirani ya Nyeri, watafiti walitega kamera kati ya Februari na Aprili 2018 na kumnasa chui jike mchanga aliye mweusi. Matokeo yao yalichapishwa mwanzoni mwa 2019. Mwaka huohuo picha safi zilizopigwa Laikipia na mpigapicha Mwingereza, Will Burrard-Lucas, zilizunguka dunia nzima.

Chui mweusi si aina tofauti ya mnyama. Ni chui yuleyule wa madoa, ila mwili wake umetengeneza rangi nyeusi kupita kiasi. Ukimmulika kwa kamera ya usiku inayotumia miale isiyoonekana kwa macho, madoa yake hutokea wazi chini ya weusi ule.

Hali hii hurithiwa. Mzazi aliyewahi kuelezwa kuhusu ugonjwa wa selimundu ataelewa mara moja: ili mtoto azaliwe mweusi, lazima apokee chembe ya urithi ya weusi kutoka kwa baba na kwa mama. Chui wawili wenye madoa wanaweza kuibeba chembe hiyo bila kuonyesha dalili, kisha wakazaa mtoto mweusi. Kule Malaysia, katika misitu minene, chui weusi ni wengi kuliko wenye madoa. Hapa Afrika ni nadra sana.

Lakini kwamba yupo Laikipia hakumaanishi kwamba kila kitu cheusi chenye miguu minne ni yeye.

Somo kutoka Uingereza

Kuna eneo la nyika huko Cornwall, Uingereza, liitwalo Bodmin Moor. Kwa miaka mingi wakazi walisimulia juu ya paka mkubwa mweusi aliyeua kondoo wao. Mwaka 1995 serikali ilituma wachunguzi. Badala ya kubishana juu ya picha, wachunguzi hao walirudi mahali palepale zilipopigwa, wakasimamisha fimbo yenye vipimo na kulinganisha. Baadhi ya "majitu" yale yaligeuka kuwa na kimo cha paka wa nyumbani. Ripoti yao ilisema hawakupata ushahidi wa kuaminika wa paka mkubwa.

Muda mfupi baadaye, mvulana akaokota fuvu mtoni. Watu wakasema, haya, ushahidi ndio huo! Wataalamu wa makumbusho ya historia asilia London walithibitisha kwamba kweli lilikuwa fuvu la chui. Lakini ndani yake walikuta kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto, na nyuma lilikuwa limekatwa kwa kisu. Lilikuwa limetoka kwenye zulia la ngozi ya chui lililoletwa kutoka ng'ambo.

Jicho la binadamu hukosea ukubwa wa kitu cheusi kilicho mbali, hasa mwanga ukiwa mdogo na pasipo kitu cha kulinganishia. Si ujinga wala uongo, ndivyo macho yetu yalivyo.

Tulipima nguzo

Basi nasi tukafanya hivyohivyo. Mchana, jua likiwa kali, dada yangu alisimama pale picha ilipopigiwa. Mimi na mwanawe wa miaka kumi tukaenda kwenye ua tukiwa na futi ya fundi. Katika picha, mgongo wa mnyama ulifika karibu na waya wa pili. Kutoka ardhini hadi waya ule ni sentimita 58.

Kimo hicho pekee hakitoshi kuamua. Chui husimama kama sentimita 60 hadi 70 begani. Lakini kuna paka mwingine wa pori mwenye miguu mirefu ambaye naye hufika karibu sentimita 60: mondo.

Tuliitazama picha upya, safari hii tukitafuta mambo matatu.

Kwanza, mkia. Mkia wa chui ni mrefu, zaidi ya nusu ya urefu wa kichwa na mwili wake, na mara nyingi ncha yake hujikunja kwenda juu. Mkia wa mondo ni mfupi, kama theluthi moja tu ya mwili. Wa kwenye picha haukufika hata kwenye vifundo vya miguu ya nyuma.

Pili, masikio. Chui ana kichwa kipana na masikio madogo ya mviringo. Mondo ana kichwa kidogo na masikio makubwa yaliyosimama karibu karibu, ambayo humsaidia kusikia panya akitembea chini ya nyasi. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kuona. "Anti, huyu ana masikio kama ya popo."

Tatu, umbo. Chui ni mzito, kifua kimejaa. Dume anaweza kufika kilo 60 na zaidi. Mondo ni mwembamba, na mara nyingi hazidi kilo 18.

Karibu na tangi la maji tulikuta nyayo kwenye matope. Afisa wa wanyamapori aliyefika alasiri hiyo alizipima: upana wa sentimita 5 hivi, bila alama za kucha. Mbwa na fisi huacha alama za kucha, paka huzificha wanapotembea. Nyayo za chui aliyekomaa mara nyingi hufika sentimita 7 au zaidi. Afisa aliangalia picha, akatabasamu.

"Huyu ni mondo mweusi," alisema. "Huku milimani tunawaona."

Ni kweli. Mondo wa kawaida ni wa manjano mwenye madoa meusi, lakini katika nyanda za juu za Kenya, Aberdare ikiwemo, weusi huonekana mara kwa mara. Chakula chake kikuu ni panya. Akikuta kuku wamelala nje, hatawaacha. Mtoto wa binadamu si windo lake, na akimwona mtu hukimbia.

Sauti ya mama aliyenyamaza

Jioni wazazi walikusanyika nyumbani kwa dada yangu kusikia matokeo. Kulikuwa na kicheko cha watu waliotua mzigo. Walikubaliana kuachana na habari ya sumu na kununua mbao za kujengea mabanda ya kuku.

Walipokuwa wakitawanyika, mama mmoja alibaki nyuma akivuta kanga yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na paka mdogo je? Yule wa kawaida?"

Binti yake wa miaka saba alikuwa ameumwa kidoleni na paka shume mweusi aliyezoea kuja jikoni. Paka huyo hakuwa na mwenyewe. Siku hiyo aliingia mchana, akitoa mate, akamrukia mtoto bila kuchokozwa. Mama alimwosha mtoto kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa. Paka hakuonekana tena. Kilikuwa kimepita siku nane.

"Kila mtu alikuwa anazungumza juu ya chui," aliniambia. "Niliona aibu kusema habari za paka."

Nilihisi baridi. Kijiji kizima kilikuwa kikimtafuta mnyama asiye na hatari kwa watoto, huku aliyekuwa hatari akiwa amekuja na kuondoka.

Kwa nini jeraha dogo lilinitisha

Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yao. Visa vingi mno vya binadamu hutokana na mbwa, lakini paka, mbweha, punda, ng'ombe na mnyama mwingine yeyote anayenyonyesha anaweza kukibeba. Virusi huwa ndani ya mate. Huingia kupitia jeraha, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla dalili hazijaanza, chanjo huokoa.

Ndiyo maana nilimwambia mama yule: siku nane si kuchelewa kabisa, lakini usingoje ya tisa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hucheza na wanyama, na mara nyingi huficha jeraha wakiogopa kugombezwa. Muulize mtoto wako leo, bila ukali.

Mtoto akiumwa au kuparuzwa:

• Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa kuwa dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani.

• Usipake pilipili, majivu, mafuta wala majani. Usifunge jeraha kwa kubana.

• Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Daktari ataamua juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Jeraha likiwa limetoka damu, huenda pia akahitaji dawa ya kinga ya haraka inayodungwa kuzunguka jeraha.

• Kamilisha dozi zote kwa tarehe utakazopewa. Dozi ya kwanza peke yake haitoshi.

• Kama mnyama ni mbwa au paka anayejulikana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini chanjo ya mtoto isisubiri siku hizo.

• Usingoje kumtambua mnyama. Kama hajulikani au ametoweka, daktari atamchukulia kuwa wa hatari.

Mnyama wa pori asiyeogopa watu, anayetembea akiyumba mchana au kutoa mate, akae mbali na watoto. Piga simu kwa ofisi ya mifugo au kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mbwa na paka wako wapate chanjo kila mwaka.

Na kama kweli ni chui?

Laikipia, Nyeri na Nyandarua zina chui, wa madoa na pengine mweusi, kwa hiyo tahadhari si upuuzi. Watoto watembee kwa vikundi, na ikiwezekana wasiondoke kabla hakujapambazuka. Kuku na mbuzi walale ndani ya banda lenye paa, kwa sababu chui hupanda ua kama ngazi. Ukikutana naye, usikimbie na usimpe mgongo. Mwinue mtoto, simama wima, paza sauti, rudi nyuma polepole.

Ukipata picha kwenye simu, kabla hujaisambaza uliza: mkia ni wa urefu gani? Masikio yakoje? Kuna nguzo au mti wa kupimia? Kisha mpelekee afisa wa wanyamapori.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka na mama yule na binti yake. Kituo cha kwanza cha afya hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo, na muuguzi alimpongeza mama kwa kuja badala ya kumlaumu kwa kuchelewa. Mtoto alilia kidogo, akapewa peremende. Mama aliandika tarehe zilizobaki kwa kalamu nyuma ya mlango wa jikoni, na dada yangu akawa anamkumbusha kila moja ilipokaribia.

Dozi zote zimekwisha. Juzi dada alinitumia picha nyingine, ya jioni, kutoka ua uleule. Mondo alikuwa amerudi, na mdomoni alikuwa na fuko mnene aliyekuwa akila viazi vyao. Chini ya picha mpwa wangu alikuwa ameandika: "Anti, masikio ya popo amerudi."