Ada ndogo siyo gharama ndogo: kuchagua chuo cha maabara ukiwa Igoma

Tuseme unakaa Igoma, umemaliza kidato cha nne, Baiolojia, Kemia na Fizikia umefaulu, na unataka kusomea stashahada ya sayansi za maabara ya tiba. Nyumbani swali ni moja tu: "Chuo gani bei nafuu?" Unafungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, unashusha kidole kwenye safu ya ada, unasimama kwenye namba ndogo kuliko zote. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika.

Stashahada hii ni ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote utakula, utalala na utasafiri. Tuchukue vyuo viwili vya mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Ukishaelewa, weka za kwako.

Chuo A kiko mkoa mwingine. Ada ni 1,200,000 kwa mwaka. Chumba ni 50,000 kwa mwezi, kwa miezi 10: 500,000. Chakula 4,000 kwa siku, kwa siku 300: 1,200,000. Jumla ni 2,900,000 kwa mwaka, yaani 8,700,000 mpaka unamaliza.

Chuo B kiko hapa hapa Mwanza. Ada ni 1,700,000. Unalala kwenu. Nauli ya kwenda na kurudi tuweke 1,400, chakula cha mchana 1,500, kwa siku 200 za masomo: 580,000. Jumla ni 2,280,000 kwa mwaka, yaani 6,840,000 kwa miaka mitatu.

Kumbe chuo chenye ada kubwa kimekuokolea 1,860,000! Ndiyo maana kuwa na chuo kama CUHAS pale Bugando, kinachofundisha fani hii, ni faida kwa mtu wa Igoma: asubuhi anapanda daladala, jioni anakula ugali wa nyumbani.

Lakini bado hatujauliza hela hiyo inanunua nini. Fikiria kipimo cha malaria. Tone nene la damu hupakwa rangi ya Giemsa, kisha kwenye darubini huangaliwa angalau maeneo 100 kabla ya kusema hakuna vimelea. Kipindi cha vitendo kikiwa cha dakika 120 na darubini moja ikatumiwa na wanafunzi watatu, kila mmoja anapata dakika 40. Wakiwa 12, unabaki na dakika 10, na mwanafunzi anayeanza hayamalizi maeneo 100 kwa muda huo. Ada ya chuo hicho inaweza kuwa ndogo, ila deni lake atakuja kulipa mgonjwa atakayepewa majibu ya uongo.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, uliza haya:

1. Ukiondoa ada, kuna michango gani? Mitihani, bima ya afya, sare, koti la maabara, mafunzo ya vitendo hospitalini. Omba orodha iliyoandikwa.

2. Darubini moja wanatumia wanafunzi wangapi? Usiulize ofisini tu. Muulize anayesoma mwaka wa pili.

3. Chuo na kozi vina ithibati? Bila hiyo utakwama kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na bila usajili huruhusiwi kufanya kazi hii.

4. Kozi yako ina mkopo? Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo hukopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, lakini siyo zote. Soma mwongozo wa mwaka wako, usitegemee maneno ya kijiweni.

Sasa chukua karatasi, kaa na mzazi au mlezi wako, mpige hesabu ya miaka yote mitatu. Mwaka wa kwanza familia nyingi hujikongoja wakaumaliza. Lakini hela inaweza kukwama mwaka wa pili, na mwanafunzi aliyeishia njiani amelipa ghali kuliko wote, kwa sababu hana cheti wala hela.