Mtoto wako anajua kupiga simu ya dharura? Mfundishe haya matano

Mama ameanguka jikoni, haitiki. Nyumbani yupo mtoto wa miaka saba tu, na simu imefungwa kwa nywila. Atafanya nini?

Watoto wengi wanajua kufungua katuni kwenye simu, lakini kuomba msaada hawajafundishwa. Mzazi, anza na haya.

1. Namba tatu
Tanzania, 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji, na 116 ni huduma ya simu kwa mtoto anayefanyiwa ukatili. Ni bure, hata kama simu haina salio. Mfundishe kwa tarakimu: "moja, moja, nne", siyo "mia moja kumi na nne". Ndivyo atakavyobonyeza.

2. Simu iliyofungwa
Simu janja nyingi huonesha neno "Dharura" au "Emergency" pale zinapodai nywila. Mwoneshe lilipo kwenye simu yako. Akibonyeza hapo, anaweza kupiga 112 bila kujua nywila.

3. Aseme yuko wapi
"Niko nyumbani" haitoshi. Ajue jina la mtaa, kata, na kitu kinachojulikana karibu: msikiti, kanisa, shule au stendi. Kama nyumba yenu ina kibao cha anwani ya makazi, mfundishe kukisoma.

4. Asikate simu
Aseme jina lake, alipo na kilichotokea. Kisha ajibu maswali mpaka aambiwe sasa akate. Hata akilia, aendelee kuongea.

5. Moto ukiwaka, nje kwanza
Asijifiche uvunguni mwa kitanda wala kurudi ndani kuchukua begi. Atoke, apige kelele "Moto!", akimbilie kwa jirani, ndipo simu ipigwe. Chagueni mapema nyumba mbili za kukimbilia, maana mara nyingi jirani ndiye anayefika wa kwanza.

Fanyeni mazoezi simu ikiwa imezimwa: mzazi awe askari, mtoto awe mpigaji. Mwambie pia kwamba namba hizi si za mchezo. Simu ya utani inaweza kumchelewesha mtu anayehitaji msaada kweli.

Leo jioni muulize hivi: "Nikianguka hapa, utampigia nani, na utamwambia tuko wapi?" Akikwama, hapo ndipo pa kuanzia.