Kuchagua Hedseti ya Kofia ya Pikipiki

Wasomaji wa gazeti letu huenda wakashangaa kuona mwanafunzi asiye na pikipiki wala leseni akiandika habari za chombo cha waendesha pikipiki. Sababu yake ni kovu lililo katika goti langu la kushoto.

Kaka yangu ni mwendesha bodaboda mjini Morogoro, na kijiwe chake ki karibu na Msamvu. Siku moja ya likizo alinipakia nyuma ili anipeleke kwa shangazi. Simu yake alikuwa ameichomeka ndani ya kofia ngumu, kati ya sponji na sikio, kama wafanyavyo wenzake wengi. Maana wateja humwita kwa simu, na asiyepokea humpoteza mteja. Tulipopita juu ya tuta, simu ikachomoka. Kaka akaachia usukani kwa mkono mmoja ili aidake, na pikipiki ikaenda ilikotaka yenyewe. Tuliangukia mtaroni. Simu ilipasuka kioo, mimi nikachanika goti, naye kaka akakosa kazi siku nne huku hesabu ya tajiri ikimngojea. Mungu alitusitiri, kwa kuwa nyuma yetu hapakuwa na lori.

Baada ya hapo kaka alinunua hedseti ya Bluetooth, akaichagua kwa kutazama boksi lililokuwa na maandishi makubwa kuliko mengine. Haikumaliza masika. Basi akaniambia, "Mdogo wangu, wewe wasoma Fizikia. Hii ya pili nichagulie wewe, maana ya kwanza niliinunua kwa macho." Nilikubali upesi, kisha nikaona kwamba sijui lolote. Ikanibidi nisome, niulize, na nijaribu. Niliyojifunza ndiyo haya ninayoyaandika, kwani nadhani wengi wetu tuna kaka, baba au mjomba apandaye pikipiki.

Chombo chenyewe

Hedseti ya kofia ina sehemu tatu. Ya kwanza ni spika mbili nyembamba, zinazokaa ndani ya kofia mkabala wa masikio. Ya pili ni maikrofoni, inayokaa mbele ya mdomo. Ya tatu ni kijisanduku chenye betri na vitufe, ambacho kwa kawaida hufungwa nje ya kofia upande wa kushoto, ili mkono wa kulia usiachie mafuta. Kijisanduku hicho huongea na simu iliyo mfukoni kwa mawimbi ya redio yenye masafa ya gigahezi 2.4, bila waya wowote.

Ufundi huu ulianzia Sweden mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson mjini Lund. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba, ziliungana ili vyombo vya kila moja viweze kusemezana na vya nyingine. Jina lake latokana na mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyeitwa kwa lakabu Jino la Buluu, naye akumbukwa kwa kuwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Mawimbi ya simu za kawaida hufika yapata mita 10, na kutoka mfukoni hadi kichwani ni chini ya mita moja. Kwa hiyo mtu akikusifia kwamba hedseti yake yafika mbali sana na simu, mwulize yakusaidia nini.

Adui ni upepo

Nilipoanza, nilidhani hedseti bora ni ile ipigayo kelele kuliko zote. Kaka naye alidhani hivyo, na wauzaji wengi husema hivyo. Sasa naona kwamba tulikosea, na kosa hilo ndilo jambo kubwa katika makala hii.

Mwendesha pikipiki akienda mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo unaoipiga kofia yake waweza kufanya kelele ya desibeli 95 hadi 100 masikioni mwake. Taasisi ya Marekani ishughulikiayo afya ya wafanyakazi, NIOSH, yashauri kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda ukatwe nusu. Hebu tupige hesabu. Desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa moja, desibeli 97 ni nusu saa, na desibeli 100 ni robo saa tu. Tena hiyo ni kelele ya upepo peke yake. Mtu akiongeza sauti ya spika mpaka ishinde upepo, amelirundikia sikio mzigo juu ya mzigo. Na chembe zipokeazo sauti ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena.

Basi hedseti iliyo bora ni ile ikuwezeshayo kusikia maneno vizuri kwa sauti ndogo. Ukishika kanuni hiyo, mambo mengine yote ya kuchagua huwa mepesi.

Kwanza, kofia

Kofia yenyewe hutangulia hedseti. Kofia iliyolegea huingiza upepo kila mahali, na hapo hata spika ya bei ghali haifui dafu. Ifunge kamba, kisha ujaribu kuitikisa: mashavu yafuate kofia. Kofia inayofunika uso mzima huzuia upepo kuliko ile iliyo wazi mbele. Tazama pia kama ina alama ya viwango, kwa mfano herufi E ndani ya duara iliyo kwenye kofia zilizopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa.

Wala tusisahau kazi ya kofia. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinachomwokoa ni lile tabaka gumu la povu lililo chini ya kitambaa, ambalo hubonyea badala ya fuvu. Kwa sababu hiyo ni mwiko kulikata wala kulitoboa ili kupachika spika. Kofia nyingi nzuri zimeachiwa vishimo vya spika mahali pa masikio. Kama yako haina, na spika yakubana sikio, chagua spika nyembamba zaidi au kofia nyingine.

Pili, spika na mahali pake

Spika nyingi zina upana wa milimita 40 hivi. Lakini upana si kitu ukilinganisha na mahali. Spika ikihama sentimita moja tu kutoka mkabala wa tundu la sikio, sauti hupungua sana, na mtu hulaumu chombo bure. Vaa kofia, washa sauti ndogo, kisha isogeze spika polepole kwa kidole mpaka usikie sauti imejaa. Hapo ndipo pa kuibandika. Ikiwa iko mbali na sikio, weka kisponji nyuma yake kiisogeze karibu. Halafu kaa na kofia kichwani nusu saa nzima kabla ya kuridhika, kwa maana spika isiyouma dukani yaweza kuuma njiani.

Tatu, maikrofoni

Ziko za namna mbili. Kwa kofia iliyo wazi hufaa ile yenye mkono mdogo uliopinda mpaka mdomoni. Kwa kofia inayofunika uso hufaa ile ndogo yenye waya, inayobandikwa ndani, sehemu ya kidevu. Iwe ya namna yoyote, ikae karibu na midomo na ivae kisponji chake, maana kisponji ndicho kizuiacho mvumo wa upepo. Maikrofoni ya hedseti ya kwanza ya kaka ilipotewa na kisponji wiki ya pili, na tangu hapo wateja walisikia dhoruba badala ya sauti yake.

Nne, maji na vumbi

Hapa ndipo hedseti ile ilipokufa. Tafuta kwenye boksi herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji: 5 ni chombo kinachostahimili maji ya kurushwa kwa bomba, na 7 ni kile kinachostahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Basi IP67 hukataa vumbi lote na huvumilia mvua ya masika. Ukiona X mahali pa tarakimu, maana yake ni kwamba upande huo haukutajwa kipimo. Boksi lisilo na tarakimu yoyote, bali lina picha ya matone ya maji tu, usiliamini. La kaka lilikuwa na matone matatu mazuri sana.

Tano, betri

Mwendesha bodaboda hutoka alfajiri na kurudi usiku, lakini hazungumzi saa zote. Hedseti yenye saa 10 za maongezi yamtosha siku nzima. Ichaji kwa chaja ya volti 5 iliyoelezwa katika maagizo yake. Usiiache juu ya tangi la mafuta jua linapowaka, kwa sababu joto huzeesha betri za lithiamu upesi kuliko kazi.

Sita, vitufe

Vaa glovu, fumba macho, kisha jaribu kupokea simu na kupunguza sauti. Ukishindwa hapo ulipoketi, barabarani utashindwa zaidi. Vitufe vichache vilivyoinuka ni bora kuliko vingi vilivyo sawasawa kama kioo.

Saba, kusemezana kwa pikipiki

Hedseti nyingine huwawezesha waendeshaji kusemezana bila simu. Za Bluetooth ya kawaida huwaunganisha watu wawili au wachache, mmoja baada ya mwingine kama mnyororo. Mmoja akiachwa nyuma, mnyororo hukatika. Mwaka 2015 kampuni ya Cardo ilileta mtindo uitwao meshi, yaani wavu: kila chombo hupokezana na vyote vilivyo karibu, na mmoja akitoka wengine hubaki wameungana. Kampuni ya Sena nayo ina vyombo vya namna hiyo. Ni ufundi wa ajabu, na bei za vilivyo bora hupita dola 300 za Marekani. Wafaa watu wasafirio kwa kundi. Kwa mtu wa kijiweni ni kununua jahazi la kuvukia mtaro.

Jambo la mwisho

Mtu akienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde amekwenda karibu mita 17. Akitazama simu kwa sekunde tatu, amekwenda mita 50, yaani nusu ya uwanja wa mpira, bila kuona njia. Hedseti humwondolea hatari hiyo ya macho na mikono. Haimwondolei hatari ya mawazo. Mtu abishanaye na mteja kuhusu nauli hayupo barabarani, hata kama mikono yake yote miwili iko kwenye usukani. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2015, imekataza mtu kuendesha akiwa na visikilizio masikioni, ingawa vilivyo ndani ya kofia ya pikipiki vimeruhusiwa. Ruhusa ya sheria, hata hivyo, si kinga ya ajali.

Kwa sababu hiyo nilimwomba kaka azime ile kazi ya hedseti kupokea simu yenyewe. Simu ikilia, aisikie, atafute mahali pa kusimama, kisha aongee. Muziki asipige kabisa akiwa na abiria.

Sasa niseme kweli: ushauri wangu wa kwanza ulimchukiza. Nilipoitikisa kofia yake ya zamani, ilizunguka kichwani kama sufuria juu ya mafiga mabovu, nami nikamwambia fedha zote zinunue kofia, na hedseti ingoje. Alinuna siku mbili. "Nilikutuma hedseti, wewe waniletea kofia," alisema. Lakini aliinunua, akaweka akiba tena miezi miwili, ndipo tukanunua hedseti: ya bei ya kati, IP67, vitufe vitatu, isiyo na meshi. Siku ya kuifunga tulikaa uani karibu saa nzima tukisogeza spika kwa kidole.

Likizo iliyopita alinipakia tena kwenda kwa shangazi, kwa njia ileile. Tulipokaribia tuta, simu yake ililia. Alipunguza mwendo, akaegesha chini ya mwembe, akazungumza na mteja wake, kisha tukaendelea. Mbele kidogo basi lilipiga honi nyuma yetu, mbali bado. Kabla sijamgusa bega kumwonya, kaka alikuwa amekwisha sogea pembeni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano