Hofu Nayo Huua: Usalama wa Watoto Wetu Katika Vyuo vya Kenya

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Aprili 2015, umeme ulilipuka karibu na mabweni ya kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na adui wala bunduki. Ilikuwa hitilafu ya umeme tu, kama zile ambazo sisi wa viwandani tumezisikia zikipasuka mara nyingi, tukashtuka kidogo, tukaendelea na zamu. Lakini wanafunzi waliokuwa usingizini waliamka wakidhani wamevamiwa. Walikanyagana ngazini, wengine wakaruka kutoka madirisha ya ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia.

Ndugu msomaji, usiseme vijana hawa walikuwa waoga. Siku kumi tu kabla ya hapo, Alhamisi tarehe 2 Aprili, kabla ya mapambazuko, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Walianza kwa kuwapiga risasi walinzi langoni, watu wasio na silaha yoyote. Kisha wakaingia mabwenini. Hadi jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na karibu wote walikuwa wanafunzi. Kikosi maalum cha polisi kilitoka Nairobi, na kuchelewa kwake kulilalamikiwa sana. Msichana mmoja alipatikana siku mbili baadaye, yu hai, amejificha kabatini. Alikuwa hathubutu kutoka hata alipoitwa, kwa kuwa hakujua anayemwita ni nani.

Basi kila mwanafunzi wa Kenya alilala na habari hizo kichwani. Umeme wa Kikuyu ulipopasuka, wao walisikia Garissa.

Tumeanza na mambo haya mawili pamoja kwa sababu wakubwa wanapozungumza juu ya usalama wa vyuo, aghalabu huzungumza juu ya ukuta, lango na bunduki. Hatusemi ukuta hauna kazi. Chuo cha Garissa kilipofunguliwa tena Januari 2016 kilikuwa na kituo cha polisi ndani ya eneo lake, na nani angemlaumu mzazi aliyetaka kukiona kwanza kituo hicho kabla ya kumwacha mwanawe pale? Lakini ukuta haukuweza kumsaidia mwanafunzi wa Kikuyu. Adui aliyemrusha dirishani alikuwa moyoni mwake, na mtu wa kumwondoa huyo si askari.

Baada ya mauaji, manusura wa Garissa waliletwa Nairobi kwa mabasi. Katika Uwanja wa Nyayo, jamaa walikuwa wakingojea habari, wengine wakienda kutambua maiti, na watu wa Msalaba Mwekundu walikaa nao, wakawasikiliza. Wanafunzi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, waendelee na masomo. Hiyo ilikuwa kazi njema. Ila sisi tunaofanya kazi karibu na mashine twajua kwamba mtu aliyemwona mwenzake akikatwa mkono haponi kwa kuhamishiwa idara nyingine. Mwezi wa kwanza watu humwuliza hali. Mwezi wa sita hushangaa kwa nini bado anaruka akisikia mlango umebamizwa. Mshauri wa chuo anayefaa ni yule aliyepo mwezi wa sita.

Mwaka huo huo ulileta funzo la tatu, nalo latuhusu sisi wafanyakazi moja kwa moja. Tarehe 30 Novemba 2015 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya mazoezi ya kujihami. Milio ya risasi ilisikika. Wengi waliokuwamo hawakujua kuwa ni mazoezi, wakaruka na kukimbia ovyo. Makumi waliumia, na aliyekufa hakuwa mwanafunzi, alikuwa mfanyakazi wa chuo, mwanamke aliyekuja kazini asubuhi kama siku nyingine yoyote. Chuo kilieleza baadaye kwamba nia ilikuwa kupima utayari.

Nia hatuibishii. Lakini mwulize mfanyakazi yeyote wa kiwanda chenye utaratibu jinsi mazoezi ya moto yanavyofanywa. Watu huambiwa siku. Huonyeshwa mlango wa kutokea na mahali pa kukusanyika. King'ora hulia, mnatoka, mnahesabiwa, mnarudi. Mtu akishayafanya mara kadhaa, miguu yake hujua njia hata akili ikiwa imeshikwa na hofu. Kumtisha mtu asiyejua njia si kumfundisha. (Na twajua viwanda ambavyo hata hayo hayafanywi, na mlango wa nyuma una kufuli. Tutayasema siku nyingine.)

Chuo ni mahali pa kazi vilevile. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawemo. Chuo chenye wapishi, wafagiaji, walinzi, makarani na walimu kimeshapita idadi hiyo kwa mbali. Mlinzi wa zamu ya usiku ndiye ajuaye taa ipi haiwaki. Mfagiaji ndiye aonaye kwamba mtoto wa chumba fulani hajafungua dirisha siku nne. Mpishi humkumbuka aliyeacha kuja kula. Watu hawa wakikalishwa mezani na mshauri wa wanafunzi, wakaambiwa wampelekee nani habari wanapoona jambo, chuo kina macho mia. Wakiachwa nje, kwa kuwa eti ni watu wa mkataba wa miezi mitatu, macho hayo hufumbwa.

Kwani taabu nyingi za wanafunzi hazina mlio wa bunduki. Karo haijalipwa na jina limebandikwa ubaoni. Mkopo umechelewa. Mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo ameanguka mtihani na hajui atawaambia nini nyumbani, ambako ng'ombe wameshauzwa. Baadhi ya vyuo vya Kenya vimefundisha wanafunzi wenyewe kuwa washauri wa wenzao, na hilo twalisifu, maana kijana humwambia kijana mwenzake jambo ambalo hatalipeleka ofisini. Na kwa muda mrefu palikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza. Katika sheria ya Kenya, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji na aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu aliyekuwa akiogopa kuomba msaada asije akaishia korokoroni sasa ana sababu moja pungufu ya kujificha.

Mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo, alikuja kutuuliza kabla ya kumpeleka bintiye chuo huko ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameshauliza walinzi ni wangapi, na ukuta una kimo gani. Tulimwongezea maswali. Mshauri wa wanafunzi yuko chumba gani, na je, anayeingia humo huonwa na foleni yote ya karo? Usiku wa manane anapigiwa nani? Mazoezi ya moto hufanywa lini, na wanafunzi huambiwa? Mlango wa nyuma wa bweni ufunguo wake anao nani?

Aliyaandika nyuma ya karatasi yake ya mshahara. Aliporudi alisema kwamba ofisini alijibiwa matatu kwa haraka, na kwa lile la nne karani alilazimika kutoka nje kwenda kumwuliza mlinzi.