Utabibu wa Korea na Taabu Ziletwazo na Dawa

Likizo iliyopita nilimkuta shangazi yangu amekonda sana. Anatibiwa saratani kwa dawa ya kutiwa mshipani, na kila akitiwa hutapika siku tatu, hata maji hayakai tumboni. Alikwisha sema kwamba hospitali harudi tena. Hayo ndiyo yaliyonifanya nisome habari za Korea ya Kusini, ambako wagonjwa wa hospitali hufuata pia utabibu wa asili ili kupunguza taabu za namna hiyo.

Msidhani, wasomaji wapenzi, kuwa tabibu wa huko ni mzee mwenye kibuyu tu. Sheria ilimtambua mwaka 1951, naye husoma chuo kikuu miaka 6, kisha hufanya mtihani wa serikali. Kitabu chao kikubwa kilitungwa na Heo Jun, tabibu wa mfalme. Alikimaliza mwaka 1610, kikapigwa chapa mwaka 1613, juzuu 25.

Kwa kichefuchefu hutumia sindano nyembamba kama unywele. (Mimi nilidhani ina dawa ndani, haina kitu.) Huchomwa mahali paitwapo Naegwan. Geuza kiganja juu, pima vidole vitatu toka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko. Hapo, katikati ya kano mbili, ndipo penyewe. Asiye na sindano hubonyeza kwa kidole gumba. Mwaka 1997 wataalamu walioitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikubali kwamba sindano hizo zafaa kwa kutapika kuletwako na upasuaji au dawa za saratani. Kuponya saratani yenyewe ni jambo jingine, hawakusema hivyo.

Na mizizi je? Hapo pana hatari. Ginseng, mzizi wao mashuhuri, yaweza kupunguza nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande.

Basi nilimwuliza kwanza daktari wa shangazi. Akasema kubonyeza hakuna ubaya, lakini mizizi asinywe bila yeye kujua. Akamwongezea na vidonge vya kuzuia kutapika. Safari iliyofuata shangazi alitapika mara mbili tu, na jioni akaomba uji. Mimi nasema ni vidonge. Yeye asema ni kidole changu, na siku ya kurudi hospitali ameiandika mwenyewe ukutani kwa mkaa.