Reli Ndogo Juu ya Meza

Mtoto akaaye Bukoba au Muleba huifahamu meli kabla ya kulifahamu gari la moshi. Huisikia honi ya meli, huona kahawa na ndizi zikipakiwa gatini, na pengine ana ndugu aliyekwenda Mwanza kwa njia ya ziwa. Lakini gari la moshi hulijua kwa picha na kwa habari za wasafiri tu. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikakomea hapo ukingoni mwa maji. Haikuvuka ziwa, wala haikulizunguka ili ifike kwetu.

Hata hivyo iko reli moja iwezayo kufika Bukoba na Muleba bila kungoja wahandisi wala fedha nyingi, nayo ni reli ya mfano. Reli ya mfano ni njia ndogo ya reli iliyotengenezwa juu ya ubao, pamoja na mabehewa yake, stesheni zake, madaraja yake na vilima vyake. Vyote hupunguzwa kwa kadiri moja, ili mtu mzima asimame mezani na kuitazama nchi nzima kama ndege aitazamavyo kutoka juu. Ninyi mliokwisha kutengeneza magari ya waya mmeanza kazi hii tayari; mmebakiza kujifunza kipimo.

Katika nchi nyingine watu wazima huifanya kazi hii kwa bidii kubwa. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya Leipzig magari madogo ya moshi pamoja na njia zake za kuunganishwa. Mwaka 1910 wapenzi wa kazi hiyo walianzisha chama chao London. Tena mwaka 1935 wenzao wa Marekani waliunda chama cha nchi nzima, kwa sababu ya udhia mmoja: kila mtengenezaji alikuwa na kipimo chake, na behewa lililonunuliwa kwa huyu halikupita juu ya reli iliyonunuliwa kwa yule. Basi wakapatana juu ya vipimo vya reli na magurudumu, na tangu hapo mtu aliweza kulipeleka behewa lake kwa rafiki yake likapita bila kuanguka.

Sasa tuifikirie kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuchagua kadiri ya kupunguza. Reli ya zamani ya Tanzania, itokayo Dar es Salaam hadi Kigoma, ina upana wa milimita 1,000 kati ya pau zake mbili, yaani mita moja kamili. Tukigawanya kila kitu kwa 50, upana huo utakuwa milimita 20. Behewa lenye urefu wa mita 10 litakuwa sentimita 20, na mtu mwenye kimo cha mita 1 na sentimita 75 atakuwa milimita 35. Hesabu hii ni nyepesi, nayo yafaa shuleni.

Lakini hesabu hiyo hiyo yatufunza kuwa na kiasi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni yapata kilomita 1,250. Ukizigawanya kwa 50 utapata kilomita 25. Nani mwenye meza ya urefu huo? Hapana budi kila mtu achague kipande kidogo cha nchi akitengeneze vizuri: mmoja stesheni, mwingine daraja, mwingine shamba la migomba na kahawa lililopitiwa na njia. Kisha vipande hivyo huunganishwa. Hapo ndipo kazi ya mtu mmoja inapokuwa kazi ya wengi.

Tuseme kwamba shule moja ya Bukoba na shule moja ya Muleba zimepatana kujenga reli ya kubuni, ipitayo kandokando ya ziwa toka mji mmoja hadi mwingine. Wanafunzi wa Bukoba watajenga gati, na nyuma yake watapaka ziwa rangi na kukiweka Kisiwa cha Musira. Wa Muleba watajenga vilima, mashamba, na ghala la kahawa. Kila kikundi kitapewa ubao wenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40.

Pau za reli zaweza kuwa fito za mwanzi uliopasuliwa, zenye kimo cha milimita 5 na upana wa milimita 4. Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya pau, yatakatwa kwa mbao nyembamba na kupangwa kwa nafasi sawa. Fito zitashikizwa juu yake kwa gundi. Msitumie misumari mirefu upande wa ndani wa fito, kwa kuwa ndipo unapopita ukingo wa gurudumu.

Ukingo huo ndio siri ya gari la moshi. Gurudumu la baiskeli huongozwa na mikono ya mwendeshaji, bali gurudumu la reli huongozwa na reli yenyewe. Kila gurudumu lina sehemu mbili: sehemu ya nje ikanyagayo juu ya pau, na sehemu ya ndani iliyo kubwa kidogo, ishukayo kando ya pau na kulizuia gurudumu lisitoke njiani. Ninyi mwaweza kulitengeneza kwa visahani viwili vya mbao vilivyogandishwa pamoja. Cha nje kiwe na kipenyo cha milimita 16 na unene wa milimita 3. Cha ndani kiwe na kipenyo cha milimita 22. Magurudumu mawili yakazwe katika mhimili mmoja ili yazunguke pamoja, na umbali kati ya nyuso za nje za vile visahani vikubwa uwe milimita 18. Hivyo yatabaki na nafasi ya milimita moja kila upande, nayo yatosha.

Baada ya hayo laja jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani kiungo. Mahali ubao wa Bukoba unapokutana na ubao wa Muleba, mambo manne lazima yawe sawa kabisa. Kwanza, upana wa reli uwe milimita 20. Pili, reli ifike ukingoni katikati ya upana wa ubao, yaani sentimita 20 toka kila upande. Tatu, kimo cha ubao toka mezani kiwe kimoja. Nne, sentimita 10 za mwisho za njia ziwe zimenyooka na kulala sawasawa, bila kupinda wala kupanda. Mambo mengine yote ni hiari ya kila kikundi. Wakitaka kupanda msitu, wapande. Wakitaka kujenga soko, wajenge. Hakuna atakayewauliza.

Kwa kulinda upana wa reli, kateni kijiti cha mti mgumu chenye upana wa milimita 20 kamili, kiwe kipimio. Hupitishwa kati ya fito mbili tangu mwanzo hadi mwisho wa njia; pasipobana wala kulegea, kazi ni njema. Lakini angalieni sana: kila kipimio kikatwe kwa kufuata kile cha kwanza, kisikatwe kwa kufuata nakala yake. Tuseme mtu wa pili amezidisha nusu milimita, kosa lisiloonekana kwa jicho. Wa tatu akimfuata wa pili naye akazidisha nusu, na wa nne vivyo hivyo, basi kijiti cha mtu wa tano kitakuwa kimezidi milimita mbili. Njia yake itakuwa na upana wa milimita 22, na ile sehemu ya gurudumu ikanyagayo pau haitafika tena upande wa pili. Behewa litazama kati ya fito, mbele ya wageni. Kila mmoja ataapa kwamba alipima, na wote watakuwa wamesema kweli. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya mchezo tu. Yamewapata hata wajenzi wa reli kubwa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Tanga ilianza mwaka 1893, na ile ya Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Zilijengwa na mataifa mbalimbali, Waingereza kwa upande mmoja na Wajerumani kwa upande wa pili, lakini zote zilichagua upana wa mita moja. Kwa hiyo mwaka 1963 reli ya Tanga ilipounganishwa na ile ya Dar es Salaam, mabehewa yalipita toka njia moja hadi nyingine bila kupakuliwa.

Ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Upana wake ni milimita 1,067. Wajenzi wake hawakukosa akili; walitaka ipatane na reli za Zambia na za nchi za kusini, ambazo zina upana huo. Lakini kwa kupatana na jirani mmoja ilishindwa kupatana na mwingine. Tofauti ni milimita 67, karibu upana wa vidole vinne. Katika mfano wetu haifiki hata milimita moja na nusu. Hata hivyo behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Mwaka 1998 huko Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, palifunguliwa kituo cha kuhamishia shehena toka mabehewa ya huku hadi ya kule. Fikirini kazi ya kuyapakua magunia yote na kuyapakia tena, kwa ajili ya vidole vinne!

Nasi wa kando ya ziwa tunayo mifano yetu ya viungo. Katika miaka ya 1960 iliundwa meli iitwayo MV Umoja, yenye reli juu ya sitaha yake, ili mabehewa yaingie melini yakiwa na shehena yao, yavushwe ziwa, na kutokea bandari nyingine. Kazi hiyo haiwezekani ikiwa reli ya meli na reli ya gati hazikutani kwa upana na kwa kimo. Kadhalika MV Victoria, ambayo watu wengi wa Bukoba wameipanda kwenda Mwanza, iliundwa Glasgow, Uskoti, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Kisumu na kuunganishwa tena. Ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya matengenezo makubwa ilirudi majini mwaka 2020. Mafundi wa Kisumu wangefanya nini kama tundu la bamba moja lisingeelekeana na tundu la bamba la pili?

Basi siku ya kukutana ikifika, fanyeni hivi. Kabla ya kufunga mbao, pitisheni behewa moja juu ya kila ubao peke yake. Ubao wenye kasoro usicheke­we. Watu wote wasaidie kuurekebisha, maana njia ikikatika pale, imekatika kwa wote. Mbao za wageni ziwekwe katikati, ili kila behewa lipite juu yake, zisisukumwe pembeni kama za kujaza nafasi. Tena asilikamate mtu behewa la mwenzake bila ruhusa, na aliyepewa alishike chini, palipo imara. Kisha lifungeni uzi na kulivuta polepole, kwani haraka haraka haina baraka.

Mtaona jambo la ajabu kidogo. Behewa lililotengenezwa Muleba litapita mbele ya gati la Bukoba, na mtoto aliyelitengeneza ataliona likienda mahali ambapo mkono wake haukufanya kazi yoyote. Aliyejenga njia ile hakumjua mwenye behewa, wala mwenye behewa hakumjua aliyejenga njia. Waliahidiana jambo moja tu, milimita 20, na kila mmoja akaitimiza ahadi hiyo nyumbani kwake, pasipo mtu wa kumsimamia. Watu hawalazimiki kufanana katika kila jambo ndipo wafanye kazi pamoja. Yatosha wawe waaminifu pale wanapokutana.

Maswali

1. Daraja lina urefu wa mita 40. Katika mfano wetu litakuwa na urefu gani?
2. Kwa nini kila kipimio kikatwe kwa kufuata kile cha kwanza?
3. Ukingo wa gurudumu una kazi gani?
4. Kwa nini mabehewa ya TAZARA hayawezi kupita juu ya reli ya Kigoma?
5. Taja kazi nyingine ya kijijini kwenu ambayo watu wengi huifanya kila mmoja peke yake, kisha huiunganisha. Kiungo chake ni nini?