Upepo Husomwa Kabla ya Tiara Kurushwa

Tangu enzi za mababu, mwambao wa Afrika Mashariki umeishi kwa pepo mbili. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ambayo hushika nguvu tangu Juni hadi Septemba, iliyasaidia kurejea makwao. Katika zama hizi pepo hizo zimepata wateja wapya. Huko Paje, mashariki ya kisiwa cha Unguja, na Diani, kusini ya Mombasa, vijana wa pwani na wageni kutoka ng'ambo huteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa zenye kamba za mita 20 na zaidi. Wengine hushika bawa kwa mikono yao, na ubao wao una mguu mrefu wenye mabawa madogo chini ya maji, ambayo huunyanyua juu ya mawimbi.

Mchezo huu ni mzuri, nao huwapatia wananchi wengi riziki. Lakini wachezaji wengi, wautazamapo utabiri wa hali ya hewa katika simu zao, huuliza jambo moja tu: leo upepo ni noti ngapi? Noti ni kipimo cha mabaharia, na noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Sisi twaona kwamba hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: upepo unatoka wapi, na unakwenda wapi?

Tuchukue mfano. Jedwali linaonyesha Kusi ya noti 18. Huko Paje upepo huo hutoka baharini na kuingia ufukweni kwa mshazari, na aliyeangusha tiara yake husukumwa kuelekea nchi kavu. Lakini katika fukwe za magharibi ya kisiwa hicho hicho, siku hiyo hiyo, upepo huo hutoka nchi kavu na kuelekea katika mlango wa bahari utenganishao Unguja na Tanzania Bara. Aliyekatikiwa kamba huko huchukuliwa mbali na pwani. Namba ni ile ile. Huku ni mchezo, na kule ni kazi ya mashua za uokoaji.

Jambo la pili ni nguvu. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, kutoka noti 10 hadi 20, nguvu inayomvuta mchezaji huzidi mara nne. Ndiyo sababu mtu wa kilo 75 anayetumia tiara ya takriban mita za mraba 12 katika noti 15, hushuka hadi mita 9 hivi upepo ufikapo noti 20. Kwa hiyo haitoshi kusoma kasi ya wastani; hapana budi kusoma pia safu ya mikumbo, yaani upepo wa ghafla. Siku yenye wastani wa noti 14 na mikumbo ya 26 ni mbaya kuliko siku ya noti 20 zenye mikumbo ya 23.

Tatu, yafaa kuelewa namba hizo zatoka wapi. Mashine kubwa za kukokotoa huigawa dunia katika miraba. Mtambo mkuu wa Marekani hutumia miraba ya kilomita 13 hivi, nao huanza hesabu upya kila baada ya saa 6. Ule wa kituo cha nchi za Ulaya hutumia miraba ya kilomita 9 hivi. Basi kisiwa kizima cha Unguja hupata miraba michache tu kwa upana wake. Maji yaliyo baina ya ufuko na mwamba, minazi, nyumba za ghorofa na wingu moja jeusi, vyote ni vidogo mno kuonekana. Mitambo miwili ikikubaliana, imani na iongezeke. Ikipingana, mchezaji na apunguze matumaini. Aidha, baadhi ya majedwali hutumia saa za Greenwich: palipoandikwa 12:00, kwetu ni saa 9 alasiri.

Nne, upepo hauendi peke yake. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja huweza kupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Maji yakupwapo Paje, mtu husimama mahali ambapo asubuhi asingegusa chini, na ubao wenye mguu mrefu hugonga mchanga au matumbawe na kumrusha mwenyewe. Jedwali la maji kujaa na kupwa lisomwe pamoja na la upepo.

Tano, wako wataalamu wetu wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Hizo ni noti 22 hivi. Tahadhari hiyo humzuia mvuvi mwenye ngalawa, mchezaji huifurahia. Na akumbuke basi kwamba siku akipotelea nje ya mwamba, watakaombwa kumfuata ni wavuvi wale wale waliobaki pwani kwa busara.

Mwezi Juni 1944, Jenerali Eisenhower aliyekuwa na majeshi makubwa tayari kuvuka kwenda Ufaransa, alisikiliza ushauri wa mtaalamu wake wa hali ya hewa, James Stagg, akaahirisha safari kutoka tarehe 5 hadi tarehe 6. Ikiwa kamanda wa majeshi yote hayo aliweza kungoja siku moja, kijana mwenye tiara ataona aibu gani?

Kila mchezaji na awe na daftari. Aandike utabiri wa asubuhi, kisha jioni aandike upepo uliovuma kweli. Baada ya msimu mmoja atajua ni wapi mashine huzidisha na ni wapi hupunguza katika pwani yake. Na kabla ya kurusha tiara, asimame ufukweni robo saa atazame mawingu, matanga ya wavuvi na rangi ya maji ya mbali. Tahadhari kabla ya hatari.